Uji Usio na Sukari

Mwaka 2021, korosho zikiwa zimeanza kudondoka, nilikwenda Ziwani, Mtwara Vijijini, kumjulia hali mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yangu. Miezi miwili nyuma alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, ambako alipasuliwa kansa ya utumbo mpana na kuanzishiwa dawa za dripu. Nilimkuta amekaa barazani juu ya mkeka, amejizungushia shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali, na mbele yake bakuli la uji. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Haukuwa na sukari, wala chumvi, wala tui. Nikamwamkia, akaitika. Kisha akachungulia mlangoni kuona kama mkewe yuko karibu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwipwa wangu, hawa wananiua kwa njaa."

Mkaza mjomba si mtu mbaya. Kwa miaka arobaini alimpikia mzee yule chakula kizuri, na wakati ule alikuwa akilia usiku kwa kumwona anavyokwisha. Lakini binti yao aliyeko mjini alikuwa ametumiwa kwa simu maneno ya mtu aliyejiita mtaalamu, akisema kwamba kansa inakula sukari, na ukiinyima sukari inakufa. Si sukari ya dukani peke yake. Ugali, muhogo, wali, ndizi, hata embe, kwa kuwa vyote hivyo vikifika tumboni hugeuka sukari. Basi mzee akawekewa uji ule mara mbili kwa siku, na katikati maji ya majani ya mstafeli. Alitoka Dar es Salaam ana kilo 54. Nilipomkuta alikuwa na 46.

Juma hili nataka tulizungumze jambo hilo, kwa sababu maneno yaliyomfikia yule binti hayakuwa uongo mtupu. Uongo mtupu ungekuwa rahisi, ningeukanusha pale pale barazani na kuomba kikombe cha chai. Haya yalikuwa na ukweli ndani yake, ukweli wenye karibu miaka mia moja na ambao leo unawapa waganga wa hospitali njia mpya za kutibu. Ila ulikuwa umekatwa katikati.

Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, mtaalamu aitwaye Otto Warburg alichukua vipande vyembamba vya uvimbe wa kansa, akaviweka katika chombo pamoja na sukari, akapima kinachoingia na kinachotoka. Seli ya kawaida ya mwili, ikipata oksijeni ya kutosha, huichoma sukari mpaka mwisho, ikabaki hewa ya kaboni na maji. Seli za kansa hazikufanya hivyo. Zilimeza sukari kwa pupa, zikaiunguza nusu nusu, na masalio zikayatupa nje kwa sura ya asidi laktiki, ile ile inayochachusha maziwa. Hayo ziliyafanya hata pale oksijeni ilipokuwa tele. Warburg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931, ingawa ilikuwa kwa kazi nyingine iliyo jirani na hiyo, juu ya namna seli zinavyopumua.

Sasa hebu tazameni hasara yake. Molekuli moja ya sukari ikichomwa mpaka mwisho huipatia seli vipande kama 30 vya nguvu. Ikiunguzwa nusu na kutupwa, seli hupata 2 tu. Kwa nini seli yenye haraka ya kukua ichague njia yenye ubadhirifu kiasi hicho?

Watu wa Msimbati na wa vijiji vya mlango wa Ruvuma watanielewa upesi. Mkoko ni kuni nzuri sana. Unawaka kwa moto mkali na makaa yake hayazimiki haraka. Lakini mkoko huo huo ndio boriti na ndio nguzo. Mtu ambaye nyumba yake imekwisha simama ataupasua mti wake akapikie. Mtu anayejenga nyumba kumi kwa mkupuo mmoja hatathubutu kuchoma boriti zake. Atapikia vijiti na maganda, avumilie moto hafifu wenye moshi, ilimradi miti ibaki ya kujengea. (Huu ni mfano tu. Tangu mwaka 2000 sehemu ile ni hifadhi ya bahari na mikoko haikatwi ovyo.) Seli ya kansa ni mjenzi wa namna hiyo. Ili igawanyike inahitaji mafuta ya kuundia ngozi yake, inahitaji protini, inahitaji nakala mpya ya jeni zake zote, na vifaa vya kuundia hivyo hupatikana katika ile sukari ambayo haijaungua mpaka mwisho. Kwa hiyo haijali kupata nguvu kidogo kwa kila punje, maadamu punje ni nyingi. Mabadiliko hayo ya namna seli inavyotumia chakula wataalamu huyaita mabadiliko ya umetaboli.

Warburg mwenyewe aliamini kwamba kansa huanza kwa kuharibika majiko ya ndani ya seli. Hapo hakupatia. Katika kansa nyingi majiko hayo ni mazima, na kilichoharibika ni amri zinazoyaongoza. Amri hizo ziko katika jeni. Katika kansa ya utumbo mpana, jeni moja iitwayo APC, ambayo kazi yake ni mfano wa breki, hukutwa imeharibika kwa wagonjwa wapatao 8 katika kila 10. Nyingine iitwayo KRAS ni kama pedeli ya mafuta iliyokanyagwa ikanasa chini, nayo hukutwa hivyo kwa wagonjwa kama 4 katika kila 10. Breki ikikatika na pedeli ikinasa, seli huamriwa mambo mawili kwa pamoja: igawanyike, na ifungue milango zaidi ya kuingizia sukari. Kwanza huota kinyama kidogo mfano wa uyoga ukutani mwa utumbo. Kinyama hicho, kama kitageuka kansa, mara nyingi huchukua kama miaka 10. Miaka 10 ni muda mrefu wa mtu kukigundua na kukikata, nitarudi hapo.

Kwamba seli hizi zina pupa ya sukari si nadharia ya vitabuni. Katika hospitali kubwa za dunia, na sasa hata Nairobi, mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo, akangoja kama saa moja, kisha akapitishwa katika mashine inayoonyesha sukari ile imekusanyika wapi. Ubongo huwaka, kwa kuwa nao hula sukari. Uvimbe nao huwaka.

Basi binti wa mjomba alikuwa na haki kuuliza: kama ni hivyo, kwa nini tusiinyime?

Kabla ya kumjibu lazima tuutazame utumbo mpana wenyewe, kwa maana una tabia ambayo viungo vingine havina. Seli zinazotandika ukuta wake wa ndani hazitegemei sana sukari ya damu. Chakula chake kikubwa hukipata upande wa pili, upande wa choo. Mle ndani wamo bakteria wasiohesabika, na makapi ya chakula ambayo tumbo limeshindwa kuyasaga huwafikia wao. Wao huyachachua na kutoa kitu kiitwacho butireti. Hiyo butireti ndiyo inayowapa wenyeji wa ukuta ule sehemu kubwa ya nguvu zao, yapata theluthi mbili. Kwa lugha nyingine, tunapokula mbaazi, kisamvu, mtama usiokobolewa, au kiporo cha muhogo cha jana (wanga uliopikwa ukapoa husagika kwa shida kuliko ulio moto), tunawalisha bakteria, na bakteria wanaulisha utumbo.

Hapa ndipo mambo yanaponishangaza kila ninapoyasoma. Seli nzima ya utumbo huichoma butireti kama kuni, ikaisha. Seli iliyoasi, ambayo imehamia kwenye sukari, haiichomi tena. Basi butireti hulundikana ndani yake, ikafika mpaka kwenye kiini zilimo jeni, na huko, kama ilivyoonekana katika maabara, huizuia seli isigawanyike na hata kuifanya ijiue. Kitu kile kile kwa jirani mwema ni chakula, kwa mwasi ni pingu.

Habari ya makapi ya chakula na kansa ya utumbo imeanzia kwetu, Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko, hasa Mulago, mpaka miaka ya 1960. Wengi wanamjua kwa ile kansa ya taya za watoto yenye jina lake. Lakini aliporudi Uingereza alikuwa na swali jingine: kwa nini magonjwa ambayo huko yalijaza wodi za upasuaji, kansa ya utumbo ikiwamo, alikuwa hayaoni kwa wanavijiji wa Uganda? Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula kilichokobolewa na kupungukiwa nyuzinyuzi, au makapimlo kama tulivyofundishwa shuleni. Yeye na wenzake walipima hata choo, uzito wake na saa kinazotumia njiani, wakaona kwamba cha mwanakijiji wa Afrika ni kizito zaidi na hakikawii kutoka. Baadhi ya wenzake walimcheka kwa kazi hiyo. Habari ya bakteria na butireti haikuwa imejulikana vema wakati ule, kwa hiyo aliona mlango bila kuona chumba.

Mwaka 2015 kikundi cha wataalamu wakiongozwa na Stephen O'Keefe kilitoa matokeo ya jaribio ambalo ningependa lifundishwe katika kila shule. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini KwaZulu, Afrika Kusini. Asili ya mababu ni moja, lakini kansa ya utumbo huwapata hao wa Marekani zaidi ya mara kumi kuliko hao wa KwaZulu. Kwa majuma mawili tu wakabadilishana vyakula. Wamarekani wakala vyakula vya nyuzinyuzi, gramu 55 kwa siku badala ya 14. Wanavijiji wakala nyama na mafuta mengi kwa mtindo wa Marekani, nyuzinyuzi zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12. Matokeo? Kwa Wamarekani butireti iliongezeka mara mbili na nusu, na ukuta wa utumbo ukapoa, seli zikapunguza kasi ya kugawanyika. Kwa wanavijiji butireti ilipungua nusu, na utumbo ukaanza kuwaka. Majuma mawili, ndugu zangu.

Sasa sitaki mtu atoke hapa akitangaza kwamba makapi ni dawa. Mwaka 2000 yalichapishwa Marekani majaribio mawili ambamo watu waliokwisha kukatwa vinyama vya utumbo walipewa chakula chenye nyuzinyuzi zaidi kwa miaka kadhaa. Vinyama viliota tena kama kwa wale wasiopewa. Huenda miaka ilikuwa michache, huenda kiasi kilikuwa kidogo, huenda chakula hukinga kabla breki haijakatika na hakina nguvu baada ya hapo. Na mjomba wangu je? Yeye alikula muhogo, mbaazi na ming'oko maisha yake yote. Kansa ikampata hata hivyo. Chakula hupunguza bahati mbaya, hakiifuti. Jeni hukosewa kunakiliwa hata kwa mtu mwadilifu, hasa umri ukienda.

Hata hivyo wapasuaji wetu wanaona wagonjwa wakiongezeka, na si wazee tu. Madaktari wa Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2013 juu ya wagonjwa wao 332 wa kansa hii. Umri wa katikati ulikuwa miaka 46. Hao ni watu walio katikati ya kazi, wenye watoto shuleni. Nami nikipita jioni Mtwara mjini naona tulivyobadilika. Zamani bibi alikuwa amekaa njiani na beseni la ming'oko ya kuchemsha. Leo bado yupo, lakini kwa kila mmoja wa namna yake kuna wauza chipsi watano, soseji zinachuruzika mafuta, na soda ya baridi juu. Siwalaumu vijana, chipsi ni tamu, hata mimi nazila.

Nirudi kwa swali la binti. Seli ya kansa inakula sukari, tukiinyima je?

Jibu la kwanza ni kwamba hatuwezi kuinyima. Mtu asipokula kabisa, ini lake hutengeneza sukari kwa kuyeyusha misuli, kwa sababu ubongo na damu haviwezi kukaa bila sukari. Mjomba alipokunywa uji ule wa maji, sukari katika damu yake haikwisha. Iliyokwisha ni nyama ya mapaja yake. Tena liko jambo baya zaidi. Ile asidi laktiki ambayo uvimbe unaitupa huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini, na ini huigeuza sukari tena. Uvimbe ulipata vipande 2 vya nguvu kwa kuiunguza. Ini linatumia 6 kwa kuirudisha. Kila mzunguko mwenye mwili analipa, uvimbe unakula. Mgonjwa wa kansa tayari anakonda kwa hesabu hiyo. Ukimwongezea njaa ya kukusudia, unamsaidia adui kwa mikono yako mwenyewe. Na mtu aliyekonda mno dripu inayofuata humshinda, daktari akalazimika kuipunguza au kuiahirisha.

Jibu la pili ni kwamba kunyima kunawezekana, lakini si kwa kufunga jiko la nyumbani. Kunataka ujanja wa kuchagua kitu ambacho seli ya kansa inakihitaji kuliko seli nyingine, na kukigusa hicho tu. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa sasa, na nitataja machache.

La kwanza ni la zamani, nami nalitaja kwa kuwa mjomba alikuwa nalo mkononi bila kujua. Katika miaka ya 1950 iligunduliwa kwamba uvimbe katika ini la panya hunyonya kwa wingi kitu kiitwacho urasili, kimojawapo cha vifaa vya kuundia jeni, kuliko ini zima linavyofanya. Charles Heidelberger na wenzake huko Wisconsin wakatengeneza urasili ya bandia, yenye chembe moja ya florini iliyopachikwa. Seli yenye pupa huichukua ikidhani ni kifaa halali, halafu kiwanda chake kinakwama. Dawa hiyo ilitangazwa mwaka 1957, na mpaka leo ndiyo mhimili wa dripu za kansa ya utumbo duniani kote. Kwa hiyo wakati watu wa nyumbani walipokuwa wakibuni njia ya kuitega kansa kwa pupa yake, mtego wa namna hiyo ulikuwa tayari unaingia katika mshipa wake kila baada ya majuma kadhaa. Walichotakiwa ni kumpa nguvu za kuuvumilia.

La pili ni vitamini C, na hapa naomba wauza machungwa wanisamehe. Mwaka 2015 ilionekana katika maabara huko Marekani kwamba vitamini C nyingi mno huua seli za kansa ya utumbo zenye ile pedeli iliyonasa, kwa kukwamisha hatua mojawapo ya kuvunja sukari. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini kiasi hicho hakipatikani kwa kula tunda, hutiwa kwa mshipa. Na walipojaribu kwa wagonjwa 442 nchini China, matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba kwa jumla waliopewa vitamini hiyo pamoja na dripu walipata nafuu kuliko waliopewa dripu peke yake. Katika kundi dogo lenye pedeli iliyonasa kulikuwa na dalili fulani, nayo inataka kuthibitishwa. Anayewauzieni chupa za vitamini kwa bei ya shamba la mikorosho hawaambii habari hii ya mwaka 2022.

La tatu ndilo linalonipa matumaini zaidi. Iko njia ndani ya seli ambayo insulini huitumia kuiambia seli "pokea sukari, kua." Kwa baadhi ya wagonjwa jeni za njia hiyo zimeharibika na mlango umebaki wazi. Mwaka 2025 madaktari wa Sweden na nchi jirani zake walitoa matokeo ya jaribio lililopima uvimbe wa wagonjwa zaidi ya 3,500 waliokatwa kansa hii. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na hitilafu katika njia hiyo. Hao wakagawanywa, wengine wakapewa aspirini miligramu 160 kwa siku kwa miaka mitatu, wengine vidonge vitupu. Kurudi kwa kansa kulipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopewa aspirini. Aspirini, ndugu zangu, kidonge cha shilingi chache! Jinsi inavyofanya hivyo si njia moja tu, na haimfai kila mtu. Inaweza kutoboa vidonda vya tumbo na kumwaga damu. Mtu asikimbilie duka la dawa kwa kunisikia mimi. Amwulize daktari wake kama uvimbe uliokatwa unaweza kupimwa jeni.

Na mwaka huo huo wa 2025 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 889, wengi wao wa Canada na Australia, waliokuwa wamepasuliwa kansa ya utumbo na kumaliza dripu. Nusu yao walisimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, hasa kutembea kwa haraka. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila kansa kurudi ni 80 katika kila 100 kwa wale wa mazoezi, na 74 kwa wengine. Misuli inayofanya kazi hunywa sukari na kushusha insulini. Huenda ndiyo sababu, au mojawapo. Tafadhali angalieni: misuli. Ile ile ambayo uji wa maji ulikuwa unaiyeyusha.

Pale barazani sikuyajua yote haya, na mengine hayakuwa yametokea. Nilichofanya ni kumpigia simu daktari aliyekuwa akimtibu na kumpa mkaza mjomba asikilize mwenyewe. Daktari alizungumza naye kwa dakika kumi, kwa heshima, akamwita mama. Alimwambia ampe mzee samaki, mayai, kunde zilizopondwa, ugali, uji mzito wenye tui na sukari yake kidogo, mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Mkaza mjomba alirudisha simu bila kusema neno. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda. Kisha tukasikia kinu. Jioni ile mjomba alikula ming'oko na changu wa kuchoma, akalala bila kugeuka.

Alirudisha kilo tano, akamaliza dripu zake. Alifariki mwaka 2023, kwa kuwa kansa ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini tangu siku aliyopasuliwa. Siwezi kusema kwamba ile miezi miwili ya njaa ndiyo iliyomwondoa, wala siwezi kusema kwamba haikumpunguzia siku.

Ninachoweza kusema ni jinsi alivyochelewa. Aliona damu katika choo miezi kumi na minne kabla ya kufika Dar es Salaam. Watu wakasema bawasiri, akapewa mizizi. Zahanati moja ikampa dawa ya kichocho, maana ukanda wetu una kichocho na kichocho nacho hutoa damu, kisha dawa ya amiba. Kila dawa ilimpa nafuu ya juma moja, kwa kuwa damu ya kansa hii huja na kukatika yenyewe. Wale wagonjwa wa Bugando niliowataja, wengi mno walifika hivyo hivyo, ugonjwa umekomaa. Huko Ulaya na Marekani watu wenye miaka 45 au 50 hupimwa damu isiyoonekana katika choo hata kama hawaumwi, wakakutwa na kile kinyama cha uyoga katika ile miaka 10 niliyoitaja. Sisi tunangoja mpaka choo kigome.

Vipimo vya kamera vinataka hospitali kubwa, na kwa watu wa kusini safari imefupika kidogo tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ianze kazi pale Mitengo. Lakini uvimbe wa mjomba ulikuwa chini, kwenye puru, kama ulivyo kwa wengi wetu. Mpasuaji aliniambia aliugusa kwa kidole siku ya kwanza, kabla ya mashine yoyote. Kipimo hicho kinahitaji glavu moja na mafuta kidogo, na kila zahanati inavyo. Katika miezi ile kumi na minne hakuna aliyempima hivyo. Nilipomwuliza mjomba kama angekubali, mzee wa jando, apimwe hivyo na muuguzi aliye sawa na mjukuu wake, alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Wakati ule ningekataa," alisema. "Lakini hawakuniuliza."